Mistari Kichwani, Shimizi Juu Yake

Jumapili, 2 Machi
Mjukuu kaondoka asubuhi. Kazi ya hotelini, mbali. Jana alinikalisha chini, kichwa changu katikati ya magoti yake, akanisuka mistari. Mvi zote! Nilimwambia nataka kufanana na wanamuziki. Uongo. Nilitaka achelewe kufungasha. Kasema: "Babu, usizifumue. Mwisho wa mwezi nakuja, nitazifumua mwenyewe."
Haya. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumatano, 5 Machi
Kinyozi wa kona kaniuliza kama nimeanza kuimba. Nimemjibu nimeanza kuolewa.
Mjukuu aliniachia kitambaa cha satini cha kulalia, maana mto wa pamba unachakaza nywele. Nimekipoteza! Nimetafuta hadi uvunguni. Mwisho nimefungua sanduku la marehemu mke wangu, nikatoa shimizi yake ya satini, nikajifunga kichwani. Nisamehe, mama watoto. Ungecheka mpaka ukohoe.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Nimesahau kuivua. Nimetoka kumwaga takataka na shimizi kichwani, lesi inaning'inia masikioni. Jirani alikuwa anafagia — Mama Redio, msusi, mjane kama mimi, hana siri hata ya sufuria yake. Hajasema neno. Yeye! Ila fagio lilisimama.

Jumamosi, 15 Machi
Kichwa kilikuwa kinawasha, nikakiosha ninavyofua kola ya shati: sabuni ya kipande, kusugua kwa nguvu. Kilipokauka — sweta iliyotafunwa na panya! Mama Redio kaniita pale kwenye ukuta wa uani, unaotutenganisha.
"Mzee, hicho kichwa au zulia? Shampuu kidogo kwenye maji, unamimina kwenye njia, hapo katikati ya mistari, unabonyeza kwa ncha za vidole. Mafuta ni ya ngozi, si ya nywele. Ikiwasha unapigapiga, hukuni."
Nikashukuru. Nikageuka. Ndipo akaongeza, taratibu:
"Na ile shimizi uifue."
Shetani yule.

Jumapili, 30 Machi
Nimepiga pasi shati. Nimepaka mafuta njia zote, moja moja. Simu ikalia jioni. Haji. Zamu zimembana, labda baadaye. Halafu akacheka: "Babu, na zile nywele ulizifumua lini?"
Kasahau.
Nikasema nilizifumua zamani, zilinichosha. Tukaongea habari za mvua.

Jumanne, 8 Aprili
Mstari wa juu ya sikio umeachia. Mama Redio kaona kidonda kwenye paji. Anasema nywele zimekua, mistari inaning'inia na kuvuta. Zikikaa hivi zitang'oka na mizizi, na kwa umri wangu hazirudi. "Nikufumue?"
Nimemwambia ana mikono mibaya. Kaingia kwake.
Si mibaya. Ila tangu nimzike mke wangu, kinyozi ananigusa kwa mashine tu. Mkono wa mtu, mkono wenyewe, kwenye kichwa changu — mjukuu ndiye wa kwanza. Nikifumua, kimebaki nini?

Ijumaa, 11 Aprili
Usaha kwenye mto. Basi. Nimeanza mwenyewe, kwa mkia wa kitana. Mbele nimeweza. Zimetoka mvi za kujaza kiganja, nikashtuka, kumbe ni zile zilizodondoka wiki zote zikakwama humo humo. Kisogoni mkono haufiki. Bega limegoma. Nusu mistari, nusu kichaka — hata mbuzi angekimbia!
Nimegonga kwa Mama Redio. Nimesema: "Jirani, mikono yako si mibaya sana."
Kanitazama juu mpaka chini. Hakucheka. Nilitaka acheke.
"Nenda kaweke kigoda. Naepua sufuria, nakuja."
Nimeweka. Nimekaa juu yake. Nimeinuka — kigoda ni chake yeye, mimi nakaa chini. Unasahau mambo haya. Nimetandika mkeka. Nimeufagia. Mlango nimeuacha wazi.
Mstari mmoja wa kisogoni ungali umekaza vilevile alivyoufunga mjukuu. Nimwombe auache? Nisimwombe? Nimeushika hapa, kwa mkono wa kushoto, huku naandika.
Kandambili zake hizo. Bado yuko nje na tayari ananiuliza, kwa sauti ya mtaa mzima, kama shimizi nimeifua —