Mgeni wa Miaka Mitano

Jumapili jioni, Kiplombe. Mvua imekataa kunyesha, kwa hivyo leo anayenguruma ni mimi.

Nimekasirika. Naandika hapa kwa simu sababu nikiyasema kwa mdomo, nalala nje.

Kwanza mnijue. Naongea lugha nne: Kinandi cha nyumbani, Kiswahili, Kikuyu nilichookota sokoni nikiuza viatu vya mitumba, na Kibukusu cha majirani, ambacho natumia zaidi kutusi. Shule niliachia form two, lakini nileteeni profesa yeyote tupimane. Kiingereza tu ndicho tuliachana nacho vibaya.

Nakaa kwa bro. Mwezi jana mwalimu wa Tasha, binti yake wa miaka mitano, alisema lugha nyingi zinamchanganya mtoto. Mimi nne hazikunichanganya. Kilichonichanganya ni hesabu. Lakini shemeji akaweka sheria: hii nyumba ni Kiingereza tu, na anko akitaka Kinandi chake atafute nyumba yake.

Nikanyamaza. Mimi, mdomo wa soko zima. Wiki nne namsalimia mtoto wa ndugu yangu kama karani wa benki.

Leo kogo, nyanya yetu, amekuja kutoka Moiben na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akamsimamisha Tasha mbele yake, akamtemea mate kidogo kifuani vile sisi wote tulitemewa, akaanza kumbariki. Akataja ng'ombe, akataja mvua, akataja wazee wetu waliokufa, mmoja mmoja, hadi yule mama aliyemwachia Tasha jina lake la Kinandi. Sauti inatetemeka. Mtu wa umri wake hana baraka nyingi za kurudia.

Tasha akajipangusa na tishu, akauliza kwa Kiingereza nyanya anasema nini.

“Anasema ‘hi’,” shemeji akamjibu, kwa hicho hicho Kiingereza.

Hi. Baraka yote ile, salamu moja.

Bro alikuwa hapo, macho kwa simu. Nikaruka kutafsiri mwenyewe. Nilifika kwa ng'ombe, Kiingereza kikaisha. Tasha akacheka, akamwambia mamake anko hajui kuongea.

Mimi. Hajui kuongea.

Na niseme ukweli, hasira nusu ni yangu mwenyewe. Maneno yote nilikuwa nayo, nikayameza wiki nne kwa ajili ya kitanda cha bure na chai ya maziwa.

Nilimsindikiza kogo hadi kwa geti. Akanishika mkono.

“Huyo mgeni wenu ni mzuri,” akasema. “Atarudi kwao lini?”

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Sasa sikizeni. Kesho Tasha akiamka nitamwambia chamgei, salamu ya kwao, mbele ya mamake. Halafu nitaanza ile baraka, neno kwa neno, hadi aseme na yeye. Viatu vyangu vya kuuza nishavipanga kwa gunia, viko karibu na mlango.

Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimemaliza sentensi.