Jina Nililoliita Nje ya Handaki

Newala, Alhamisi, mwezi wa saba, 1972

Baridi tangu asubuhi. Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma ukatanda uwanja mzima wa shule, na mimi ambaye sijawahi kuupenda ukungu tangu nitoke kwetu Bukoba, leo niliupenda. Ukiwepo ukungu ndege za vita kutoka ng'ambo ya mto haziji. Ulipoanza kutawanyika nilitamani niufunge kamba.

 Mwandiko ukiwa mbaya si neno, msomaji ni mimi mwenyewe.

Tuko wiki ya kwanza ya muhula. Nilikuja huku kufundisha watoto kuzidisha na kugawanya, na kweli wanazidisha. Muhula uliopita darasa langu la tano walijifunza urefu mara upana mara kina kwa kuchimba handaki la kujifichia, katika vipindi vya elimu ya kujitegemea ambavyo vilikuwa vya shamba la mihogo. Hakuna aliyekosea hesabu ile. Katika sayansi tumejifunza sauti inavyosafiri, na sasa wanaisikia ndege kabla yangu, wananyanyua vichwa kwenye madaftari wote kwa pamoja. Katika michezo tunajifunza kulala kifudifudi, vidole masikioni, mdomo wazi. Ule mdomo wazi ulikuwa unawachekesha sana. Siku hizi hawacheki.

Mwalimu Mkuu ametuamuru tuyapake mashati meupe vumbi jekundu, yasionekane kutoka juu. Akina mama wamenung'unika, maana sabuni ni shida na maji ni shida zaidi, lakini wamekubali. Ukiwatazama watoto mstarini asubuhi, huwezi kuwatofautisha na ardhi waliyosimama.

Isipokuwa mmoja. Shati lake lilikuwa jipya.

Naye ndiye ninayetaka kumwandika. Daftari la mahudhurio linamwita Chakupewa. Ni msichana mrefu, mkimya, anayekaa dirishani, hodari wa ramani. Likizo hii wazee wake wamemcheza unyago. Kwa kawaida wangengoja akue kidogo, lakini mwaka huu wameharakisha. Nilipomuuliza mama mmoja sokoni kwa nini, alinijibu huku anapanga mihogo yake kana kwamba ananitajia bei: "Vita ikitufikia, Mwalimu, watoto wasije wakafa hawajachezwa."

 Nikanunua mihogo nisiyoihitaji.

Basi Jumatatu Chakupewa alirudi shule ananukia mafuta ya nazi, kichwa kimenyolewa, shati linang'aa. Nikaita jina lake. Kimya. Nikaita tena, naye anatazama nje ya dirisha utadhani namwita mtu wa kijiji kingine. Damu ikanipanda. Kiranja wa darasa akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, siku hizi anaitwa Somoe. Lile la zamani haliitwi tena."

Nilijua habari hizo. Mwaka wangu wa pili huu huku, si mgeni wa jana. Aliyetoka unyagoni ameacha utoto kulekule pamoja na jina lake, na kumwita kwa jina la utoto ni kumtukana. Akiitika, amejitukana mwenyewe. Lakini nilikuwa na daftari mkononi, nami nikiwa na daftari mkononi huwa sisikii la mtu. Nikasema daftarini ni Chakupewa. Mwalimu Mkuu naye akaniunga mkono ofisini: majina ya serikali hayabadilishwi kwa ngoma, subiri barua kutoka wilayani.

Nikapata ujanja, nikajiona nina akili. Kuanzia Jumanne simwiti. Nikifika kwenye jina lake natupa jicho dirishani, nikimwona natia alama, naendelea. Yeye hakutukanwa, mimi sikushindwa. Yakaisha.

Ujanja ule ulihitaji mwanga. Hilo sikulifikiria.

Leo ilikuwa zamu yake ya maji. Bomba limekauka tena, kwa hiyo kila siku kikundi cha wasichana wanateremka na ndoo mpaka kwenye chemchemi kule chini ya mteremko, na kurudi ni kupanda kwa magoti. Nilimwona asubuhi akiondoka na wenzake. Sikumwona akirudi. Walirudi mmoja mmoja katikati ya kipindi cha jiografia, nami nilikuwa nimegeukia ubao, nachora mito.

Vichwa vikanyanyuka.

Halafu ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mkorosho, ambayo ndiyo kengele yetu, ikagongwa haraka haraka bila kupumzika. Ikigongwa polepole ni darasa. Ikigongwa hivi, ni ndege. Tukatoka mbio. Nawasifu wanangu, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyelia. Wakaingia handakini mmoja baada ya mwingine, nami wa mwisho.

Handaki letu tumelifunika magogo na udongo na matawi, na limepinda katikati ili mlipuko usipite moja kwa moja. Ndani ni giza. Watoto wamelala kifudifudi, vidole masikioni. Sheria yangu, na niliitunga mwenyewe kwa majivuno, ni kuwa siketi mpaka kila mtoto ameitika. Naita kwa sauti kubwa kama mnadi samaki, kila mmoja aondoe kidole kimoja tu sikioni anisikie. Nikaanza kuita. Naam. Naam. Naam, Mwalimu. Majina nimeyakariri, na niliyakariri kama yalivyo daftarini.

"Chakupewa!"

Kimya.

"Chakupewa!"

Nasema kweli tupu, kwa kuwa hapa hakuna wa kumdanganya. Jumatatu haikunijia kichwani hata kidogo. Shati jipya halikunijia, wala kiranja, wala ujanja wangu. Kilichonijia ni njia ya maji. Nilimwona yuko peke yake kule kwenye mteremko, ndoo kichwani, mikono yote miwili juu, hasikii kengele. Kiranja alikuwa upande wa pili wa kona, hakuweza kunikumbusha, na mlio ulishaanza kuingia mpaka kwenye udongo.

Nikatoka.

Nilikimbia ukingoni mwa mikorosho kuelekea mteremkoni, napiga kelele za jina lile kwa nguvu zangu zote. Viatu viliniponyoka. Sidhani nimewahi kuita jina la mtu namna ile, hata siku baba yangu alipokuwa anakata roho. Bondeni hapakujibu mtu. Mlio ulikuwa mkubwa sasa, kifua kilikuwa kinatetemeka nao, nikajitupa chini ya mkorosho, uso mavumbini. Nikasahau kufungua mdomo. Mwalimu mzima.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nipo, Mwalimu! Chakupewa nipo!"

Nikageuza kichwa. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa shule, peke yake, amevaa shati lile jeupe kwenye ardhi ile nyekundu. Alikuwa handakini muda wote. Alikuwa karibu na miguu yangu nilipokuwa namwita, na alinyamaza kama alivyofundishwa. Aliponisikia nimetoka, nazunguka nje namtafuta, akaona nitakufa kwa ajili yake. Akatoka, akajitaja kwa jina ambalo halitajwi, shule nzima inasikia, na wavulana wamo.

Ndege ilipita juu yake. Niliona tumbo la ndege, nikaona kivuli kikipita uwanjani na juu ya shati. Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema kwa lugha ya mama yangu.

Haikutupa kitu. Ilikata kona taratibu, kama mtu anayetazama kiwanja anachotaka kukinunua, ikarudi kuelekea mtoni. Baadaye tukasikia mingurumo mbali, upande wa ng'ambo. Nilikuwa nimeshamfikia mtoto, nimemlaza chini ya mkorosho, nimemlalia. Moyo wake ulikuwa unagonga mkononi mwangu. Hakunitazama.

Walipotoka wenzake handakini hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Niliwaruhusu mapema. Jioni, kabla jua halijazama, mama yake akaja nyumbani kwangu pamoja na bibi aliyekuwa kungwi wake, yule aliyemfunda unyagoni. Bibi ni mfupi, kanga zake safi, anatembea bila haraka. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba. Kisha nikamgeukia mama, na ulimi wangu huu, Mungu anisamehe, ukasema, "Karibu, Mama Chakupewa."

Mama akainamisha macho. Bibi akatazama mkeka wangu kama anayehesabu kindu zake.

"Mwalimu," akasema bibi, "sisi hatukuja kugombana. Umetoka shimoni kumtafuta mtoto wetu na ndege iko juu. Hilo tumeliona, na tunasema ahsante."

Nikashukuru. Nikadhani yameisha.

"Lakini mtoto ameitikia jina la utoto mbele ya wanaume. Kazi yetu umeibomoa. Sasa utaleta kuku na unga, na utamwita kwa jina lake mbele ya akina mama, asikie na watu wasikie. Akina mama wanakusanyika Jumamosi. Mpaka hapo tumemwambia asikuitikie. Hata ukimwita Somoe, asikuitikie."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya darasani: giza, handaki, sheria yangu ya kuita, kwamba asipoitika sitajua yuko hai au yuko njiani. Nilimwambia, "Bibi, ndege haijui Jumamosi."

"Ndege tulianza kuziona kabla wewe hujaletwa," akajibu. Hakuwa na hasira. "Huyu mtoto akifa kesho, Mwalimu, atakwenda kule na jina gani? Wewe utakuwa umemzika nani?"

 Nimesoma chuo, nina cheti, nami nikainama kuhesabu kindu za mkeka.

Na shuleni je? Nisimwite? Nimwache nyumbani? Nyumba yao iko ukingoni kabisa, haina handaki. Mahali salama pa mtoto yule ni shimoni kwangu, na shimoni kwangu haitiki. Nikimwita akinyamaza, je, kesho nitaamini yuko ndani? Najijua. Nitatoka tena. Nikitoka, naye atatoka. Hilo ndilo linalonikosesha raha, kwamba ninamjua sasa kama ninavyojijua.

Walipokuwa wanaondoka, mama alijifanya anafunga upya kanga yake mlangoni. Bibi alishatangulia. Akaniambia chini chini, "Mwalimu, bibi huamka kabla ya swala. Ukija alfajiri na kuku wako, hatakufukuza. Atasema maneno, wewe vumilia. Akina mama wa jirani nitawaita mimi."

"Ahsante, Mama Somoe," nikamwambia.

Akamaliza kuifunga kanga yake. Kisha akaenda.

Basi nimeamua. Siisubiri Jumamosi, wala barua ya wilayani. Mwalimu Mkuu akitaka kunishtaki anishtaki, kalamu nyekundu ninayo, nitalikata jina lile mbele yake. Nina kuku mmoja tu, yule wa madoa anayetaga, nimemfunga miguu na yuko chini ya meza, ananikodolea jicho moja. Unga nimeupima kwenye kibakuli. Viatu nimevitafuta mikoroshoni, nimekipata kimoja, kwa hiyo nitakwenda peku na pengine ni heri.

Kesho, baada ya nyumba ile, nitawapanga darasa zima na kumwuliza kila mmoja anaitwaje. Si daftari linasemaje. Nitauliza, nao wataniambia, nami nitajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna jambo moja tu. Njia ya kwenda kwao inapita ukingoni, na jioni hii upepo umegeuka. Nimetoka nje sasa hivi kutazama bonde. Hakuna ukungu. Anga ni safi mpaka ng'ambo, nyota zimeanza kutoka moja moja, na kesho patakuwa peupe tangu mapema.

Somoe. Nalisema polepole nilizoee, lisije likaniponyoka tena. Somoe. Kuku ameacha kujitupatupa. Kuna mvumo kule chini, upande wa barabara. Ni lori, nadhani, si ndege. Nimezima taa nisikilize vizuri, ninaandika kwa kupapasa, na bado haujasogea wala haujakatika.