Rais, Waziri na Msichana Aliyetoroka

Yaya Paluku, kaka yangu,

Habari za Bunagana? Baridi ya huko bado inakushika magoti? Mama aliniambia kwamba nyumba ya dada yetu Mapendo imepata bati jipya na kwamba sombe imepanda bei tena lakini bado mnaipika, nikajua angalau mnakula. Sisi huku Marekani tuko wazima. Theluji imeanza, watoto wanaichezea, mimi naichukia kama mwaka jana.

Barua hii nimempa mke wa pasta wetu, anayesafiri kwenda Kisoro, ng'ambo ya mpaka wenu. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu.

Juzi mwalimu wetu wa Kiingereza alitupeleka kwenye maktaba kubwa kuona barua ambazo marais wa mwanzo wa Marekani waliandikiana na mawaziri wao. Nilivaa kitenge changu kizuri, maana kwenda kwa wakubwa si mchezo, hata kama wamekufa. Barua zilikuwa nzuri: heshima tele, waziri anajiita mtumishi mtiifu, wanashauriana juu ya kodi na meli. Kisha mwalimu akatusomea moja, nikamwomba airudie, kwa sababu nilidhani Kiingereza changu ndicho kibovu.

Rais anamwandikia waziri wake wa fedha kuhusu msichana mtumwa aliyetoroka nyumbani kwake. Anataka akamatwe, arudishwe. Waziri anaipeleka amri kwa mkuu wa forodha katika mji wa bandari alikojificha. Rais, Yaya! Mtu aliyepigania uhuru wa nchi nzima! Mama Riziki, mwenzangu wa darasani kutoka Masisi, alinishika mkono: "Kavira, ata huku?" Nikamwomba mwalimu aendelee kusoma.

Unajua kilichonishtua zaidi? Yule mtu wa forodha. Barua yake ya majibu inasema hakutuma askari. Alimwita msichana kwa upole, kana kwamba anamtafutia kazi ya nyumbani, akaanza kumuuliza habari zake. Hapo nikakusikia wewe, siku ile kwenye simu: "Kavira, miye niko mutu wa bariyeri tu, wa kufunga na kufungua njia. Neema amemukimbia komanda. Komanda amesema akifika huku nimuongeleshe polepole, arudi kwake. Hakuna mutu atamupiga."

Ulipoyasema hayo nilikubali, kwa sababu kwetu mke akikimbia hutumwa ndugu mwenye maneno matamu, na wewe unaweza kumbembeleza mbuzi mpaka ajifunge kamba mwenyewe. Lakini Neema si mke wa mtu. Ni mtoto wa jirani yetu, alichukuliwa kwa bunduki na watu wa komanda. Nani alikuja kwa baba yake kumposa? Mbuzi wa mahari wako wapi? Hapa hakuna ndoa ya kupatanisha, Yaya, na wewe na mimi tulizungumza kana kwamba ipo.

Yule mkuu wa forodha alipomsikiliza msichana, alielewa kwamba alitoroka kwa sababu alitaka kuwa huru, basi. Akajibu kwamba hawezi kumpandisha melini kwa nguvu, watu wa mji wangechachamaa. Rais alikasirika sana. Msichana hakurudi kamwe.

Najua mtu wa forodha hakushikiwa bunduki mgongoni, na wewe unashikiwa. Nakuogopea. Sikuambii umpinge komanda mbele ya watu. Mwambie hukumuona. Siku ya soko watu ni wengi pale, na mtu anaweza kugeuka kidogo kuwasha sigara.

Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii. Ukishuka Goma, msalimie Mama, umpe dawa yake ya presha niliyoifunga pamoja na barua. Msalimie wifi yangu Odette, nimemkumbuka na kelele zake. Msalimie mjomba Kasereka, fundi viatu, mwambie vile alivyonishonea bado navivaa.

Na Neema, akifika kwenye bariyeri, msalimie pia kwa jina langu, kisha umfungulie.

Mdogo wako,
Kavira