Mwenye Kusikia Kifaransa

Mujukuu wangu Clarisse,

Jambo kwako kule Lubumbashi. Huku Likasi tuko muzima, mama yako anauzisha tena muhogo. Unaniuliza kama weye na benzako mutume mujumbe moja kwa bakubwa, kisha muache kuandamana.

Sikia. Wakati robine ya maji ilikauka Shituru, sisi bamama tulijaza barabara na bidoni tupu za kuteka maji. Bakubwa habakutuma basoda na bunduki. Balituomba kwa heshima tuchague mutu moja wa kutusemea. Tulichagua bwana yangu, nkambo yako mwanaume, sababu ni yeye tu alisikia Kifaransa kati yetu. Balimupatia biro na kiti ya kuzunguka.

Wiki mbili zikapita, tulimufuata kule ku biro na bidoni zetu. Aliniangalia, minye bibi yake, akatujibu kwa Kifaransa.

Ni minye, nkambo yako mwanamuke, mwenye alipiga makofi ya kwanza siku tulimuchagua.