Magurudumu ya Baba na Shamba la Kaka Zangu

Jumapili, Nkubu. Ukungu umekataa kutoka tangu asubuhi, hata kichwani mwangu umeingia.

Baba amekuwa akirudia namba zile zile kwa miezi: nne, nane, mbili. Ananyamaza, halafu mbili, nane, nne. Mambo mengi yamempotea, hizo hapana. Kaka zangu, Mutwiri na Koome, waliamua ni namba za shamba alilonunua kisirisiri. Huku kwetu mzee akitaja namba, nani atafikiria kitu kingine? Wameenda ofisi ya ardhi wakarudi mikono mitupu, na bado wanaamini.

Leo nilikuwa nachambua maharagwe. Baba akavuta ungo, akayapanga kwa mistari miwili. Madogo manne, makubwa manane, madogo mawili. Akaacha nafasi, akarudia kinyume.

"Kendi, hii ndiyo injini yangu," akasema.

Sikuelewa kitu. Najua alichochea moto wa garimoshi la mvuke kwa reli ya Mombasa kabla sijazaliwa, lakini mimi treni sijawahi kupanda. Reli yenyewe haikufika huku kwetu Meru. Akanieleza polepole: magurudumu madogo ya mbele yanaongoza injini kwenye kona, makubwa ndiyo yanavuta, ya nyuma yanasaidia kubeba uzito. Zamani yalikuwa machache. Mizigo ikazidi, milima ikawashinda, wakaongeza. Mwishowe wakaweka boila moja, lile tangi la kuchemshia maji, juu ya injini mbili, moja imeangalia huku, nyingine kule. Nikatafuta picha kwa simu, nikahesabu, nikapata nusu. Akanicheka. Kumbe unahesabu na ya upande ule usiouona.

Kwa hivyo hakuna shamba.

Nilifurahi, kusema kweli, kwa sababu baba hakuwa anapayuka. Lakini kabla ya hizo namba, kaka zangu walionekana Krismasi tu. Siku hizi kila Jumapili wanakuja na nyama, wanaketi karibu naye, wanamsikiliza mpaka achoke. Anaanza kuwangoja pale langoni hata kabla ya chai. Anadhani wamemkumbuka tu.

Walipofika mchana, Mutwiri akaona ile mistari, akamuuliza baba ni nini. Nikamimina maharagwe yote kwenye sufuria kabla hajajibu. Baba akaniangalia, akanisogezea ungo mtupu.

Siku ambayo hatimaye alikuwa na la kuwaambia wanawe, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Sasa najiuliza: wangejua hakuna shamba wangemwacha kweli, ama ni mimi tu sijawahi kuwaamini?