Mama Amehama na Mfuko wa Maganda ya Vitunguu

Mpendwa Bi Mwanabaraka,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na kama utacheka naomba ungoje ufike mwisho, maana mke wangu Raïssa ameshacheka vya kutosha kwa niaba ya London nzima. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, Mkongomani wa Lubumbashi, naishi Wembley, naendesha basi dogo la kuwachukua wazee wa Stanmore na kuwapeleka kwenye kituo chao cha mchana, wanakula, wanacheza karata, nawarudisha makwao. Nilikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka siku nilipofungua chakula changu mbele ya bibi mmoja anayeitwa Estrea.

Ndani ya kopo langu mlikuwa na mayai ya Mama. Mama yangu anakaribia miaka themanini, tunakaa naye, na tangu nikiwa mtoto kila Ijumaa jioni anaweka mayai kwenye sufuria pamoja na maganda makavu ya vitunguu, majani ya chai kidogo na kijiko cha mafuta, anayaacha kwenye moto mdogo hadi asubuhi, yanatoka ya kahawia nje na ndani, tunayala kwa ndimu na pilipili. Maganda anayakusanya wiki nzima kwenye mfuko wa plastiki unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na ole wako uutupe. Mimi nilidhani Wakongomani wote wanakula hivyo. Estrea akalitazama yai, akaniuliza nani amenipikia, nikasema Mama, akanishika mkono akaanza kulia, akasema hayo ni mayai ya Sabato ya Wayahudi wa kwao, kwamba wazee wake walitoka kisiwa cha Rhodes kule Ugiriki, na kwamba watu wengi wa kisiwa hicho walikwenda Kongo zamani kufanya biashara, sasa mama yangu ameyajulia wapi?

Jioni nikamuuliza Mama. Akanijibu huku anakunja nguo kwamba baba yake mzazi, ambaye sisi tulimsikia tu akitajwa kama mzungu wa duka, alikuwa Myahudi wa Rhodes aitwaye Nissim, akiuza vitambaa Lubumbashi, na bibi yetu Sesilia alikuwa mpishi wa nyumba yake. Nissim hakumtambua Mama kama mtoto wake hata siku moja. Kila Noeli alimpitishia kitambaa kwenye mlango wa jikoni, na mwaka wa uhuru akaondoka kwenda Ubelgiji bila kuaga. Mama akamaliza kukunja nguo, akaenda zake chumbani. Mimi nikabaki sebuleni nimekuwa mtu mpya.

Bi Mwanabaraka, nilivyoupokea Uyahudi ni aibu kusimulia. Nilianza kuwasalimu wanakwaya wenzangu "Shabbat shalom", salamu ya Sabato ya Kiyahudi, tena siku ya Jumapili. Nilinunua kinara cha mishumaa mtandaoni nikakiwasha mwezi wa nne, mpaka Estrea akaniambia kwa upole kwamba hicho ni cha sikukuu yao ya Desemba. Kwenye harusi ya shemeji yangu Serge nilikataa nyama ya nguruwe kwa sauti ya kusikika meza ya pili na ya tatu, na midomo yangu ilikuwa bado inang'aa mafuta ya kipande cha kwanza. Nikasoma kwamba samaki asiye na magamba hafai, nikatangaza kambale haingii tena nyumbani mwangu. Raïssa hakubishana, alipika tu kambale wa kukaushwa kwa moshi, na mawese yake, harufu ikanipokea ngazini, nikala sahani mbili nikasema ni za kumuaga. Nimeshamuaga mara nyingi. Kijana wetu Luc, aliyezaliwa hapa na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, alinisikiliza nikihubiri mezani akasema, "Dad, it's literally an egg."

Halafu nikampeleka Mama Rhodes. Alitembea vizuri, alionja maandazi yao ya mchicha akasema yanakosa chumvi, alikuwa anafurahi. Tukaingia sinagogi la zamani, na hapo ukutani pana majina ya koo zilizochukuliwa na Wanazi mwaka 1944 zikapelekwa kuuawa. Mama akalipata jina la ukoo wa Nissim. Akaweka kiganja ukutani, akasema taratibu, "Hawa njo batantine yangu. Habakunijua, na miye sikubajua." Batantine kwetu ni shangazi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na mimi, Bi Mwanabaraka, simu yangu ilikuwa haijaanza kurekodi, nikamwomba arudie. Mama akanitazama, akatoa mkono ukutani, akaniuliza choo kiko wapi.

Nilirudi London nimejaa hamasa. Nikaomba ukumbi wa kanisa, nikaandaa jioni ya chakula na kumbukumbu, nikamwalika Estrea na wazee wa basi langu, mchungaji, na kila Mkongomani wa Wembley niliyekuwa na namba yake, nikachapisha mabango yenye picha ya Nissim amesimama mbele ya duka lake, picha niliyopewa na jamaa wa Estrea, na maandishi makubwa, Mayai ya Babu Nissim. Mama sikumwambia kwamba yeye ndiye atakayepika. Niliona si jambo la kuuliza, kwani nani mwingine angepika? Basi akaliona bango kwenye duka tunakonunua unga wa muhogo, na dada wa dukani akampongeza, "Kumbe ile mayayi iko ya papa yako, Mama Zéphyrin." Aliporudi hakufoka. Alishusha mfuko wa maganda kutoka nyuma ya mlango, akachukua koti na Biblia, akamwita dada yangu Reine aje amchukue, na sasa yuko kwake Harrow, yeye na mfuko wake.

Nikampigia. Akasema, "Ile mayayi haiko ya Nissim, iko ya mama yangu. Lakini umetia Nissim ku bango, basi umuombe Nissim akupikie." Akakata. Nimeyafikiria sana maneno hayo, nikaona labda bango lingekuwa na picha ya Mama pia, ndogo, pembeni.

Nimejaribu kupika mwenyewe. Nilimenya gunia dogo la vitunguu huku nalia, nikaweka sufuria jikoni, nikajilaza kwenye kochi kidogo tu, maji yakakauka, mayai yakaanza kupasuka yakigonga mfuniko, kengele ya moshi ikapiga kelele, na jirani yangu Gurdial akaja mlangoni na ndala na blanketi ya kuzimia moto, akauliza kwa adabu sana kama mama yupo. Nikamwambia hayupo. Akasema, "Yes, I can smell that."

Jioni yenyewe ni Jumamosi ya wiki ijayo na watu wamethibitisha. Naomba unishauri nitumie maneno gani Mama arudi apike. Na liko jambo jingine ambalo hata Raïssa sijamwambia. Mama amezeeka, naogopa isije ikawa hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, mayai na Nissim. Lubumbashi sijarudi tangu nilipotoka, nauli ni ghali, kaburi la Bibi Sesilia silijui, kwa hiyo Lubumbashi yangu yote ni Mama, na Ijumaa sasa zinapita nyumba hainukii kitu. Najua nimekosea. Nieleze ni wapi hasa.

Zéphyrin, Wembley

Bi Mwanabaraka anajibu:

Marahaba, Zéphyrin mwanangu. Nimecheka, na sikungoja mwisho. Nilicheka kwenye kambale, nikacheka tena kwa Gurdial na blanketi yake. Lakini pale ukutani, ulipomwomba mama yako arudie kilio chake kwa ajili ya simu, nilivua miwani nikaiweka mezani. Ungekuwa karibu ningekufinya sikio.

Unataka maneno ya kumrudisha mama jikoni. Hayo sikupi, maana hata ningekuwa nayo ungeyatumia vibaya. Hebu tazama ulichofanya. Bwana aliyempitishia mama yako kitambaa mlangoni umemtengenezea bango. Mwanamke aliyesimama kwenye jiko la bwana huyo, akazaa, akalea peke yake, akayachukua mapishi yale akayapeleka nyumbani kwake na kumfundisha bintiye, hata jina lake hukulitia kwa herufi ndogo. Wala usinambie kwamba mayai asili yake Rhodes. Najua, na Estrea hakulia bure. Lakini nina hakika Nissim wako hakuwahi kujua maganda yanakaa wapi. Mama yako amekwambia kwa Kiswahili cheupe kwamba mayai ni ya mama yake, nawe ukawaza picha ndogo pembeni. Pembeni, Zéphyrin.

Usidhani nakusimanga peke yako. Mimi Mzanzibari. Kwetu Unguja ukimuuliza mtu nasaba yake, atakutajia babu aliyetoka Maskati na baba wa babu huyo na baba yake tena. Ukimuuliza bibi, anakohoa. Bibi yangu mimi alikuwa mtu wa Manyema, huko huko kwenu Kongo, na nilikuwa na umri wa kutosha kumuuliza alifikaje, nikawa nimeshughulika na nywele zangu. Mpaka leo napika kisamvu chake, nyinyi mnaita sombe, na sijui alifundishwa na nani. Babu anatajwa, bibi anapika. Ndivyo tulivyolelewa, na wengi wetu tumeshtuka wakati hakuna tena wa kumuuliza. Wewe wa kumuuliza unaye, yuko Harrow, nauli ya basi tu.

Sasa sikiliza. Leo hii zunguka Wembley ukayabandue mabango yote kwa mkono wako. Anza na lile la duka la unga, umweleze na yule dada kwa nini. Kisha nenda kwa Reine. Simu iache nyumbani. Maua usinunue, na maelezo yako marefu yaache pamoja na simu. Piga goti, sema, "Mama, nimekukosea, na Bibi nimemkosea." Halafu muulize habari za Sesilia. Alikuwa mrefu au mfupi, alikuwa akicheka vipi, alimwambia nini siku ile Nissim alipoondoka, amezikwa upande gani. Ukishauliza, nyamaza. Najua kwako ni kazi. Habari ya Jumamosi usiiguse. Akiitaja yeye, mwambie utapika wewe.

Na kweli utapika wewe. Gurdial mkaribishe akae jikoni, si vibaya. Mwombe Estrea akufundishe, kwani siku zote amekuwa akikurekebisha kwa upole na wewe ukiendelea kuwasha mishumaa. Mambo ya samaki na sala muulize yeye, na wenzake wanaoijua dini yao, maana dini ya watu si suti ya kujaribia harusini. Kama roho yako inavutwa huko kikweli, nenda, lakini nenda polepole na upunguze sauti. Wale shangazi waliouawa ni damu yako, nakupa pole kwa ajili yao kwa moyo wangu wote. Mama yako hakuwakataa, wewe mwenyewe ulimwona na kiganja ukutani. Alichokataa ni kufanywa sufuria kwenye sherehe ya mtu ambaye hakuwahi kumwita mtoto wake.

Hiyo jioni iite jina la Sesilia. Nissim atajwe, alikuwepo, lakini atajwe baada ya mpishi. Mama akija akae mbele, ubavuni mwa Estrea, aletewe sahani kama wageni wengine. Asipokuja, simama mbele ya mchungaji na wazee wako uwaambie kosa ni lako, kwa sentensi moja, kisha ugawe chakula.

Halafu hiyo nauli. Ya Rhodes uliipata, ya Lubumbashi ni ghali. Haya, anza kuiweka tangu mwezi huu. Mpeleke mama yako kwenye kaburi la mama yake miguu ingali na nguvu, na akilia huko, shika mkono wake badala ya simu.

Mayai yako yatatoka mabaya, nakwambia mapema. Mpelekee Mama hivyo hivyo. Atasema yamekosa chumvi, au maganda yalikuwa machache, au umeyaharakisha. Usijitetee. Rudi nyumbani, na Ijumaa nyingine upike tena, umpelekee tena. Mama anayekukosoa mapishi bado anasema nawe, na hicho ndicho ulichokuwa ukikilia kwenye barua yako, ukakificha nyuma ya kambale. Na siku utakayoingia jikoni ukaukuta ule mfuko umerudi nyuma ya mlango, usimpigie mtu simu, wala mchungaji usimwambie. Chukua kitunguu umenye, ganda ulitie humo.