Nyumba ya Riba na Dawa ya Macho

Likombe, Mtwara
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Pokea shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mjukuu wako Zainabu, ambaye amesimama hapa pembeni kuhakikisha nimeiandika yake kwanza. Nimemkosea, yangu imetangulia, na sasa amenuna. Sisi huku tu wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Habari za Mlalo? Baridi imekuachia magoti? Yule mbuzi mweupe amezaa, au bado anawatania?

Shabani, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Soma polepole, kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja. Ukifika mahali nilipokutaja usijifanye umepaliwa. Na hicho kiboksi cheupe kilichokuja na barua hii ndani ya mfuko wa korosho usikifungue kwanza. Nitakwambia lini.

Mama, nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi ni mwongo. Ukiniuliza "Mwanangu, mnakula?" nasema tunakula, tena vizuri. Ukiniuliza "Mbona huji?" nasema likizo ilikuwa fupi. Na wewe, mama yangu uliyenifunda kusema kweli, nikikuuliza macho yanaendeleaje unanijibu, "Alhamdulillah, naona hadi punje ya mtama." Tumekuwa hodari, mimi na wewe. Karatasi haina mahali pa kukata maneno, kwa hiyo leo nakueleza yote.

Nianze na nyumba, maana mengine yote yametokea humo. Unakumbuka siku niliyokupigia miaka sita iliyopita, nimefurahi kama mwali, nikakwambia benki imekubali kutukopesha tukanunua nyumba ya vyumba vitatu Likombe. Ukasema, "Riba ni vita na Mola, mwanangu. Mimi nyumba hiyo sitaikanyaga mpaka siku utakayoniambia umeitoa kwenye riba." Sikukulaumu. Wewe hujawahi kupanga nyumba ya mtu. Hujui kuamshwa na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka mzima mkononi, au akuletee mpangaji mwingine aje akague chumba na wewe umo ndani unakunja nguo. Lakini lile neno lako liliniingia, na sijalala nalo vizuri hata siku moja.

Mkopo ni wa miaka kumi na mbili, na unakatwa kwenye mshahara wangu wa ualimu kabla sijauona. Nikapiga hesabu ya umri wako nikaogopa. Nikamwambia mkweo Bakari, "Baba Zainabu, hii nyumba tuilipe haraka, Mama aje angali ana nguvu za kupanda basi." Akasema sawa. Maskini, hakujua alichokuwa anakubali.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napeleka ziada benki, elfu kumi, elfu ishirini, nikitoka nimevimba kichwa. Kumbe wale wanaiweka pembeni ingojee rejesho la mwezi unaofuata, na deni lenyewe halisogei! Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenifumbua: "Andika barua, waambie kila ziada inayoingia ipunguze deni, tena wakugongee muhuri." Nikaandika. Tangu hapo kila senti iliyoingia ilikwenda kuumega mlima wenyewe. Barua hiyo ndiyo iliyokuja kuniumiza, utaona.

Sasa kuishi kwenyewe. Mkate ulihama kwetu. Asubuhi tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo kina mama huku wanaichemsha na kuiuza kwa mafungu. Mwanzo Zainabu alilia, sasa ndiye anayechagua fungu nono. Mchele nanunua mavuno yakitoka, mwalimu mmoja mwenye ndugu Mahurunga ananiletea gunia, nalipima kwa kikombe mpaka mwaka unaisha. Samaki tunakula wale wakavu wanaovushwa Kilambo kutoka Msumbiji, mmoja namgawa mara mbili. Sare za harusi nimeacha. Watu wakipita na kitenge cha shughuli nasema nimebanwa, mpaka sasa hawapiti tena. Nikisalimia pale njiani wanaitikia, lakini kiti hawakivuti.

Na Bakari, Mama, nimemtesa. Unajua kwao mjomba ni mtu mkubwa, mtoto wa dada yake akichezwa unyago hawezi kukaa pembeni. Binti wa dada yake alipotoka ndani, mkweo akapeleka magunia mawili ya mchele na mbuzi, hela yake ya miezi miwili ya kuchomelea mageti. Nilimpigia kelele majirani wakasikia. Nikamwambia, "Umeirudisha nyuma safari ya mama yangu!" Alinitazama, akasema kwa upole ule wake, "Mama Zainabu, nikikosa pale, hii nyumba nitaishi na nani?" Tulikaa siku tatu hatusemezani, na ming'oko tunaila.

Kuna jambo jingine nilikuficha. Mwaka jana nilipata mwalimu wa kubadilishana naye kituo. Yuko Korogwe, kwao Masasi, anataka kurudi kusini, na mimi nije Tanga. Mama, Korogwe! Ningekuja kwako kila mwisho wa mwezi. Nilizunguka na ile karatasi ya maombi wiki nzima. Lakini nyumba haiuzwi bila benki, na ukipangisha, kodi ya Likombe haifikii hata nusu ya rejesho. Bakari naye na mashine zake za kuchomelea, wateja wake wote wako hapa. Nikamwandikia yule mwalimu kwamba nimeahirisha. Sikuahirisha, Mama, nilishindwa. Nyumba niliyoinunua ili uje imenikalia, siwezi kuja mimi. Nauli ya kuja kukuona kila likizo nilikuwa naitia mle mle. Nilikuwa najiambia, mwaka mmoja tu wa kujibana, kisha mwingine. Zainabu ana miaka tisa na amekuona mara moja.

Sasa Shabani, kaa vizuri kwenye kigoda.

Juzi Jumatano nilikwenda benki kuomba taarifa ya mkopo. Nilikuwa na laki mbili ya Bakari, amechomelea madirisha ya duka la Mzee mmoja wa Kihindi kule Mikindani na amelipwa bila kuzungushwa. Dada wa dirishani akachapa karatasi, akazipitia, akatabasamu. "Mwalimu, una bahati, kuna mtu anakusaidia."

"Mtu gani?"

"Huyu hapa, Shabani. Kila mwezi elfu thelathini. Miezi kumi na tisa hajakosa hata mmoja."

Nilicheka, Mama. Nikakumbuka kwamba Shabani nilimpa ile namba ya akaunti zamani, arudishe hela yangu ya cherehani, akarudisha mara moja akanyamaza. Nikasema moyoni, kumbe huyu mshenzi ana dini! Nikatoka nje, nikampigia nimshukuru.

Akaniambia, "Dada, si zangu."

"Za nani?"

"Za Mama. Zile unazomtumia za dawa. Kila zikiingia ananiambia zirudishe kwenye nyumba. Anasema kumtoa mtoto kwenye riba ni bora kuliko macho."

Nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi za benki, na gauni langu la kazi. Nikamwuliza, "Na dawa?" Akaanza kuniuliza habari za Zainabu. Nikamwuliza tena kwa sauti iliyomfanya mlinzi ageuke. Ndipo aliponiambia dawa uliacha, na kwamba jicho la kushoto halioni. Akasema, "Kuku akipita upande ule hamwoni, Dada. Nilimpeleka hospitali ya wilaya, wakasema presha ya jicho imeshaua, hilo halirudi."

Mama! Unaona hadi punje ya mtama?

Nilirudi dirishani nikiwapita watu kwenye foleni. Nikamwambia yule dada, hizo za Shabani nirudishieni, zilikuwa za dawa. Akanihurumia, lakini akasema, "Mwalimu, hela ikishaingia kwenye deni haitoki. Na barua yako mwenyewe iko hapa, umesema kila ziada ipunguze deni." Akanionyesha. Nakala yake yenye muhuri ninayo mimi mwenyewe, nilikuwa nimeitunza pamoja na vyeti vya shule.

Nikamwuliza, hela za mama yangu zimepunguza muda gani? Akabonyeza, akangoja, akasema, "Kama miezi mitatu hivi." Kisha akaongeza, na hakuwa na ubaya, "Hongera, mama yako anakupenda."

Miezi mitatu, Mama, kwa jicho moja.

Nimekukasirikia, nakwambia wazi, na Mungu anisamehe kumwandikia mzazi hivi. Nimekukasirikia mpaka mwandiko umeharibika, Shabani atakuwa anahangaika kuusoma. Nani alikuomba? Mimi nilijibana ili unione, na wewe unajibana mpaka hutaweza kuniona! Halafu hasira ikiisha najikumbuka mimi. Mwaka juzi ulinipigia ukasema dawa imepanda bei, thelathini haitoshi, niongeze elfu kumi. Unakumbuka nilivyokujibu? Mimi nakumbuka. Nilisema, "Vumilia kidogo, Mama, nalipa nyumba." Na Shabani anasema mwezi uliofuata ndipo ulipoanza kurudisha. Kwa hiyo usinifiche kwamba nia yako ilikuwa riba peke yake. Ulimsikia mtoto wako anachagua, ukamsaidia alichochagua. Hilo ndilo linaloninyonga, na sioni wa kunikomboa ila wewe.

Ile laki mbili sikuilipa. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari wa macho wa hospitali ya huku, nikamwonyesha picha ya cheti chako cha zamani iliyo kwenye simu yangu. Akasema dawa ni hiyo hiyo, aanze leo, na wiki hii apelekwe kliniki apimwe upya. Akasema jicho la kulia likitunzwa laweza kubaki. Hakusema litabaki. Amesema laweza.

Haya, Shabani. Weka barua chini. Fungua kiboksi. Nawa mikono kwanza, kwa sabuni, usinipangusie kwenye suruali. Mama aegemee nyuma, tone moja kila jicho, ndiyo, na la kushoto pia, daktari kasema. Afumbe kwa muda wa kusoma Fatiha. Mimi nangoja.

Umemaliza? Endelea.

Mama, nauli ipo, na ruhusa ya siku saba mwalimu mkuu amenipa. Nakuja Ijumaa na Zainabu. Tutakwenda kliniki pamoja, kisha utarudi nasi Mtwara mpaka nijue dawa inaingia jichoni na siyo benki. Najua utaniambia nini. Deni bado halijaisha, nyumba bado ina riba, na neno lako ni neno lako. Nimeshaongea na Bakari. Uani kuna chumba alichokijenga mwenyewe kwa tofali alizofyatua, kwa hela ya mageti, hakimo kwenye hati ya mkopo hata inchi moja. Alitaka kiwe karakana. Juzi ametoa mashine zake, zimelala nje zimefunikwa turubai, na amekipaka chokaa. Utalala humo, na mlango wa uani una njia yake, hutakanyaga sakafu ya benki. Mimi nitalala na wewe humo humo.

Ila nikuulize jambo moja, ulifikirie kabla ya Ijumaa. Elfu thelathini mara kumi na tisa umeziweka kwenye ile nyumba kubwa. Kuna ukuta mle ndani ambao ni jicho lako. Utakaa uani uutazame kupitia dirisha, Mama, au utaingia?

Nisalimie shangazi, mwambie kikapu chake ninacho. Msalimie bibi wa nyumba ya chini, na imamu aliyenifundisha alifu, naye aniombee. Mke wa Shabani mpe pole kwa kuolewa na mtunza siri. Bakari anakusalimu sana, anasema chumba kina feni, usijali joto. Zainabu amekwisha kununa, ameacha, sasa anauliza ukiwa naye anapaswa kusimama upande gani ili umwone. Nimemwambia kulia.

Mimi mwanao, niliyekuwa nakudanganya kwenye simu na sitakudanganya tena,

Mwanaidi